Mjusi Mwakilishi

Hekaya hii aliisimulia kwanza shangazi yetu Mwanakheri binti Mshangama, mwaka 1953, na si babu kama wengine wanavyodai.

Chui alitoka nchi nyingine akalitawala bwawa la wanyama. Mwakilishi wao barazani aliteuliwa na Chui mwenyewe, naye alikuwa Mjusi, ambaye huitikia kila jambo kwa kichwa. Kiangazi kilipozidi, Chui alitaka bwawa lifungwe. Mjusi akaitikia, likafungwa.

Ndama wa Nyati walianza kufa kwa kiu. Wanyama hawakukaa wala hawakulala. Siku tatu walilizunguka baraza.

“Tunataka kuchagua mwakilishi wetu,” alisema Nungunungu.

“Mnaye,” alijibu Chui. “Kila sheria ameikubali.”

Nungunungu akamgeukia Mjusi. “Ndugu yangu, unakubali tuchague wenyewe?”

Mjusi akaitikia kwa kichwa.

Chui akacheka. “Huyo huitikia hata nzi akipita.”

“Basi, Bwana, hata siku ya kufunga bwawa alipita nzi.”

Chui alizitazama pembe za Nyati zilizomzunguka, akawapisha. Siku ile ile wakamchagua Nungunungu, bwawa likafunguliwa, wakanywa.

Chui amekufa, na Nungunungu pia. Mjusi yu hai, yuko ukutani kwetu, na bado anaitikia.