Marehemu Anamenya Vitunguu

Mtu wa redio alipobisha hodi, marehemu alikuwa jikoni anamenya vitunguu.

"Karibu, mdogo wangu," marehemu alisema bila kuinua kichwa. "Vua viatu, nimepiga deki sasa hivi."

Aliyekereka alikuwa binti yake. Neno hilo, "marehemu", alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, mgeni alipokuwa akijaribu mashine ya kurekodia pale mezani: "Moja, mbili, tatu. Maisha ya marehemu, sehemu ya kwanza." Mama mtu alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Binti hakuona cha kuchekesha. Moyo wa mama yake ulikuwa mbovu, na daktari alishaonya asishtuliwe.

Mgeni huyo mji mzima ulimwita Mzee wa Tanzia. Kazi yake ilikuwa kusimulia redioni maisha ya wasanii: waimbaji, watunzi, wachoraji, waigizaji. Kipindi kiliruka hewani msanii akishafariki, lakini mahojiano aliyafanya mapema, mwenyewe angali na pumzi. "Maiti hahojiwi," alipenda kusema. Ndiyo maana wasanii wakongwe, wakimwona tu mlangoni, walijibu "sijambo kabisa" kabla hajawasalimu.

"Mama, huyu mtu anakuchuria," binti alisema mgeni alipoondoka.

"Mwanangu, mimi nimekufa jukwaani mara ngapi? Nimenyweshwa sumu, nimenyongwa, nimeangukiwa na dari. Kufa redioni ndiko kutanishinda?"

Basi mgeni akawa anakuja kila wiki. Alipanda ngazi za ghorofa lile taratibu, mkono ukutani, na akifika huomba maji kwanza. Mama akamhadithia alivyoigiza mama mkwe katili, kwa ufundi hata wanawake wakawa wakimsonya sokoni na muuza nyanya mmoja akakataa kumuuzia mpaka aombe radhi kwa mkwe.

Siku moja Mzee wa Tanzia alisoma kipande alichokuwa ameandika. "Jukwaa lilikuwa mume wake na mtoto wake. Mtoto wa kumzaa alimsahau nyumbani."

"Futa hiyo," mama alisema.

"Dada, wasikilizaji wanapenda machozi."

"Basi wakate vitunguu."

Binti, aliyekuwa akipanga vyombo, alijikuta ameshasogea hadi kwenye kinasa sauti. "Hakunisahau," alisema. "Nililelewa nyuma ya pazia. Nililala kwenye sanduku la nguo za maigizo, na kila tukio likiisha alikuja kunifunika. Mara nyingine alikuja na damu ya rangi usoni, nami nikajua tu ni mama."

Mzee wa Tanzia alichukua kalamu, akaikata ile sentensi. "Asante, mwanangu," alisema. Tangu siku hiyo binti akaacha kumwita mzee. Akamwita mjomba, na chai yake akaizidishia maziwa.

Wiki iliyofuata mama alichoka kujisimulia. Akakiangalia kile kinasa sauti. "Hicho kidude bado kinarekodi?"

"Kinarekodi, dada."

"Haya, zamu yako. Wewe nyumbani kwenu wapi? Nani alikulea?"

"Mimi sina hadithi. Mimi ni sikio tu."

"Hata sikio lina kichwa kinacholibeba. Sema."

Mzee wa Tanzia alicheka, akakohoa. Kisha akaanza. Ujanani alitaka kuimba. Siku ya kwanza kupanda jukwaani, sauti ilimkimbia mbele za watu, na haikurudi mpaka alipompa mwenzake kipaza sauti. Toka hapo akawa mtu wa kuwashikia wengine kipaza. Alisimulia hadi chai ikatanda utando. Mama alimdodosa kama polisi, na zile wiki mbili tatu zilizofuata hawakuzungumza jingine.

Halafu mama akaanguka bafuni.

Hospitalini Mzee wa Tanzia alifika na machungwa. Alipoingia wodini, wagonjwa wawili waligeukia ukutani, na wa tatu akajifunika shuka gubigubi. Binti alimfuata kwenye korido, macho yamemvimba.

"Mjomba, nakuomba. Kipindi cha mama usikirushe bado."

Mzee wa Tanzia aliegemea ukuta, akavuta pumzi. "Nimefanya vipindi vingi, mwanangu. Hiki ndicho cha kwanza ninachoomba kisiruke."

Ijumaa asubuhi binti alikuwa kibarazani anaanika mashuka simu ilipolia. Ni msichana wa redioni, naye sauti ilikuwa imemkauka.

"Dada, poleni sana. Tumeumia wote hapa. Ni moyo, wanasema. Usingizini." Akapenga kamasi. "Bosi anaomba ruhusa ya familia yenu. Zile rekodi za hapo mezani kwenu, turushe leo jioni?"

Binti alikaa chini palepale, shuka bichi mapajani.

"Rusheni," alisema.

Jioni majirani walijaa sebuleni, wengine wakakosa viti wakasimama mlangoni. Hata muuza nyanya alikuja, na aliketi karibu na mlango kama mwenye aibu. Binti aliiweka redio juu ya kabati. Muziki wa taratibu ukapigwa, ukafifia, kisha mtangazaji akaongea kwa sauti nzito:

"Msikilizaji, sauti hii imeingia katika kila nyumba. Leo mwenyewe hatunaye. Sikiliza maisha yake, kwa kinywa chake."

Muuza nyanya akaangua kilio.

"Sh! Mwanangu, hebu ongeza sauti," mama, aliyeruhusiwa hospitalini juzi, alisema pale kwenye kochi, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nisikie kama nilimhoji mjomba wako vizuri."