Gia ya Kupandia Laga

Lokwang aliingia kwa Didace, fundi Mkongo wa baiskeli pale kambini Kakuma, akiwa amebeba baiskeli begani, kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa.

"Nipe gia nyepesi kabisa," akasema, bado anahema. "Ile ya mtu mvivu."

Baiskeli ilikuwa ya mashindano, imezeeka kumshinda mwenyewe, iliachwa Lokichoggio na mzungu mmoja wa misaada. Kule Lodwar, anakochaji simu za watu, Lokwang alijiita Simba wa Lami. Lakini ikifika kilima, hata kidogo, simba anashuka anasukuma. Juzi alipitwa na mama mwenye mzigo wa kuni. Mama akamsalimia, "Ejok?" Simba akakosa pumzi ya kujibu.

Na Jumamosi kulikuwa na mbio. Kutoka chini kwenye laga, ule mto mkavu, unapanda mpaka kanisani, mshindi anachukua mbuzi watatu. Rafiki yake Jal ndiye alimpigia simu. Kabla Jal hajamaliza kueleza, Lokwang alishakata, akakimbilia Facebook kuandika: "Bingwa anakuja Kakuma."

Hao mbuzi hawakuwa mchezo. Baba ya Akiru, msichana aliyetaka kumuoa, alikuwa amemwambia wazi: "Kijana, mifugo yako yote ni hiyo simu. Leta hata mbuzi wa kwanza, ndio tuanze kuongea." Na Jumapili kuna mwanaume wa Kaikor alikuwa anakuja kumposa na ngamia.

Didace alihesabu meno ya gia ya nyuma kwa ncha ya msumari. "Yako kubwa iko na meno makumi mbili na moja. Itakuua, ndugu yangu. Kamata hii ya makumi mbili na nane."

"Ya thelathini na mbili hakuna?"

"Hapana, mnyororo utakuwa mufupi. Na hii, hata ukienda mupole kama mama wa mimba, hauanguke."

Lokwang akacheka mpaka akashika tumbo. Wakongo na utani wao!

Jumamosi watu walijaa pande zote mbili za njia. Baba ya Akiru alikuja na lori kutoka Lodwar, akakaa juu kabisa penye mstari wa mwisho, kwa kistuli chake cha mbao. Nyadak, mwenye filimbi, akawakusanya waendeshaji aseme sheria. Lokwang alikuwa pembeni, anapiga picha gia yake mpya.

Filimbi ikalia. Lokwang akatoka kama mwizi wa kuku.

Ai, gia tamu! Miguu inazunguka kama cherehani, kilima kinaisha kama mandazi ya moto. Katikati akageuka nyuma na akakaribia kuanguka kwa kicheko. Wenzake wote wanane bado wako kule chini karibu na mstari wa kuanzia, wanayumba kama walevi. Hata Lual, yule mrefu wa kambini anayeogopewa, amesimama juu ya pedali, anatetemeka, haendi popote.

"Poleni, maboyz!" akawapigia kelele. "Mlikosa fundi!"

Umati ukalipuka. Watu wanacheka, wanapiga makofi, mama mmoja amelala chini kabisa. Lokwang hakujua anapendwa hivyo Kakuma. Akatoa simu, akajipiga picha kwa mkono mmoja.

Akavuka mstari peke yake, mikono juu, akaenda kusimama moja kwa moja mbele ya mzee. Mzee alikuwa amefunika uso kwa viganja. Machozi ya furaha, Lokwang akajiambia.

"Baba," akasema, "nani mwingine angefika haraka hivi?"

Mzee akatoa viganja usoni. Akamwangalia Lokwang, akaangalia kule chini ambako Lual alikuwa amesogea labda hatua mbili.

"Hakuna, kijana wangu," akasema. "Na wa mwisho kufika ndiye anachukua mbuzi."