Mafuta ya Kuchomea Wavu

Bwana samaki Masatu, afisa wa uvuvi, aliurundika wavu wa Nyanjige mchangani. Matundu yake yalikuwa madogo mno, yakinasa hata vifaranga vya samaki, na sheria ilisema uchomwe.

“Mama, huna mafuta ya taa?” aliuliza kwa aibu. “Fungu la serikali halijaja. Hata boti ya doria haina petroli.”

“Yaani nikupe mafuta uchome wavu wangu?”

“Nisaidie tu, mama.”

Nyanjige alimtazama, kisha akaleta taa yake, akamimina mafuta yote. Wavu ukawaka.

Ng’ambo ya maboya ya mpaka, wavuvi wa nchi jirani walikuwa wakivuta wavu kama uleule ziwani. Mmoja aliuona moshi, akapunga mkono.

Masatu, kiberiti kingali kiganjani, naye akampungia.