Kivuli cha Daktari Sekela

Haki ya Mungu, hii haina chumvi hata punje. Adhuhuri moja Daktari Sekela, ambaye hakuwa amelala tangu juzi, alikuwa akipitia wagonjwa wodini. Bibi mmoja mgonjwa akacheka: "Mjukuu wangu, mbona kivuli chako kimelala kitanda kile?"

Kweli. Kivuli chake kilikuwa kimejinyoosha juu ya kitanda kitupu, kinahema polepole. Miguuni pa Sekela hapakuwa na kitu.

"Amka, tuna kazi," akakinong'oneza, akanyoosha mkono.

Sista Namweli, muuguzi wa zamu, akaudaka. "Usithubutu, dokta! Mwenzio aliyekutangulia alikiamsha chake. Kikaenda kazini bila yeye, na yeye hatukumwona tena."

Wagonjwa walikuwa wakimwita. Sekela akavua viatu, akapanda kitandani taratibu. Kivuli, bila kuamka, kikajisogeza kumpisha.