Binti Asiyepatia Hata Moja

Tarehe 9 Juni 2091. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na baridi.

Mtoto anayetambua vina hutiwa vizibo masikioni, asisikie tena wimbo maishani, na mzazi wake hutoa ahadi mbele ya mashahidi. Mimi vina nilijifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni. Nilimfundisha Mwanaidi, binti yangu wa miaka minne, avitambue ili avikwepe.

Leo mpimaji alikuja na majirani wawili kuwa mashahidi.

"Neno bata linafanana na kata au meza?"

"Meza!"

Alikosea maswali yote. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Asiyejua hubahatisha, mama, mara nyingine hupatia," mpimaji alisema, akitoa vizibo. "Huyu hakupatia hata moja. Toa ahadi."

"Nimeweza, mama?" Mwanaidi aliuliza.

"Umeweza, mwanangu."

Nikainua mkono mbele ya majirani. "Naahidi sitamwimbia tena."