Masikio ya Papa

Mama alikuwa na tope viganjani, tayari kukandika nyumba yao ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa ajili ya Noeli, alipouona ukuta. Binti yake Yvette alikuwa ameichora familia kwa makaa: mama akimkimbiza mbuzi, mwiko mkononi, watoto wakishangilia.

Yvette akasimama mbele ya mchoro. Tope lile lingewafunika wote.

"Hii pua ni yangu ao ya mbuzi?"

"Ya mbuzi ni ndogo, mama."

Mama akacheka mpaka tope likamdondoka. Kisha akauangalia tena ukuta.

"Na papa yako umemuacha fasi gani?"

Tangu watoroke Kongo bila baba yao, mama hakuwahi kumtaja.

"Sura yake nimeisahau."

Mama akajifuta mikono kwenye kitenge, akanyakua makaa.

"Sogea! Alikuwa na masikio makubwa kushinda huyu mbuzi."