Benchi la Waliotengwa

Zamani wanyama walipokuwa na kanisa lao, mzee wa kanisa alikuwa Korongo, ndege mwenye shingo ndefu ya kuchungulia dhambi za wenzake. Kila mkosaji alimtenga: akae benchi la nyuma, asiguse meza ya Bwana. Nguchiro alipelekwa nyuma kwa kuiba mayai, Fisi kwa kucheka msibani, Mama Chura kwa kumlilia kwa kelele mumewe aliyepotea.

Pasaka ilipofika, Korongo alikuwa amekaa mbele peke yake, anajiona malaika.

Mchungaji Kobe akachukua mkate na kikombe, akaanza kwenda nyuma. Kwa mwendo wake ule, Korongo alipata muda wa kutosha kulalamika.

"Mchungaji, huko ni kwa wenye dhambi!"

"Ndiko nilikotumwa, mzee. Wewe huna shida, kaa tu."

Korongo akautazama mkate unavyokwenda zake, akashindwa kuvumilia.

"Basi hata mimi! Kwaresima hii nilimla Chura wa kwaya!"

Hata Fisi hakucheka.

"Nilijua," alisema Mama Chura. "Siku unanitenga, mguu wake ulikuwa bado unaning'inia mdomoni mwako."

Kisha akasogea kumpa nafasi. Alisogea mbali sana, lakini alisogea.